Boriti, Hewa na Hesabu za Gazi

Lugha yetu imezoea kuupima mkoko baada ya kukatwa. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila jina ni kipimo cha unene, na muuzaji na mnunuzi huelewana bila rula. Mti uliosimama topeni haukupata jina la bei. Nimelelewa Kinondo, katika nyumba iliyoezekwa juu ya boriti alizozikata mjomba wangu. Ndiyo maana mjadala wa gharama na faida za kurejesha mikoko ya Gazi si suala la vitabuni tu kwangu.

Ghuba ya Gazi ina hekta zipatazo 600 za mikoko. Katika miaka ya 1970 ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani, na baadhi ya sehemu zikabaki tope tupu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, lakini palipokwisha kuachwa wazi hapakujiotea penyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, James Kairo akiwa miongoni mwao, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ina gharama asizoziona mpita njia: kuokota mbegu, kungoja maji yapwe, kuzama topeni hadi magotini, kisha kupanda tena pale mawimbi yalipong'oa miche. Wengi wa wapandaji ni akina mama, na siku zao hazina karani.

Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Unatunza hekta 117 na kuuza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kila mwaka. Fedha hizo zilisaidia maji na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta. Lakini hebu tugawe: wakazi wanazidi 5,000. Fungu la mtu mmoja halifiki dola 3. Nani ataweka shoka chini kwa fungu hilo?

Je, basi kurejesha mikoko ni hasara? Hasha. Tatizo ni kuidhania hewa kuwa ndiyo faida yote, kwa sababu tu imepata mnunuzi. Kairo na wenzake walipolikadiria shamba la mikoko la miaka 12 hapo Gazi, boriti zilizidi hewa kwa thamani, na kinga ya ufuo ikazizidi boriti kwa mbali. Kinga hiyo, pamoja na kaa na samaki wachanga wanaokulia mizizini, hailetewi malipo na mtu. Faida ya boriti humfikia mmoja, leo, mkononi. Ya ufuo usiomomonyoka hugawanywa kwa wote, hata wasiojua.

Mivinje imepandwa ili kupunguza haja ya kukata mikoko, na ni hatua njema. Hata hivyo mafundi wa kwetu hulalamika kwamba mchwa huupenda mvinje kuliko mkoko. Mwenye nyumba atakayelazimika kubadilisha miti mapema naye anaugharimia urejeshaji, ingawa huenda hajawahi kulikanyaga tope la Gazi.