Mabinti Zetu katika Shule ya Masista

Kila mwaka, Januari inapokaribia na wazazi wanahangaika kutafuta nafasi za kidato cha kwanza, huja kwetu baba au mama wa usharika akiwa na swali moja. Binti yake amepata nafasi katika shule ya sekondari ya masista. Ada ameiona, ni nzito, lakini ataibeba. Nidhamu ya pale anaisifu. Halafu anashusha sauti: "Mchungaji, hawatamgeuza?"

Huku kwetu mlimani swali hilo lina mizizi mirefu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni za Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wale wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Tangu hapo dini ya mtu wa Kilimanjaro unaweza kuikisia kwa kuuliza tu kihamba cha babu yake kiko ng'ambo ipi ya mto. Kuna posa zilizorudishwa kwa sababu ya mto. Serikali ilipozichukua shule za misheni, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, watoto walichanganyika madarasani, na makanisa yaliporudi kufungua shule zao, mchanganyiko ule haukuisha. Leo masista wanafundisha Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na mabinti wa Kiislamu, maana mzazi hutazama kwanza ufaulu, kisha ndipo anakumbuka kuuliza habari za rozari.

Sisi tunaofundisha katika chuo cha theolojia kilicho jirani tuna zamu ya kwenda shuleni hapo kila Jumatano alasiri, kipindi cha dini. Wakatoliki hubaki na padri ukumbini. Sisi hupewa darasa la mwisho, lile lenye dirisha bovu, na wanafunzi wa UKWATA huja na Biblia zao na daftari. Tumefanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kwa hiyo mzazi akituuliza hatujibu kwa habari za kusikia.

Maisha ya imani pale yanakwenda kwa kengele. Misa ni alfajiri, wakati sisi wengine tunatafuta viatu. Saa sita mchana kengele ya Malaika wa Bwana humkuta mwalimu wa hesabu katikati ya kipeuo cha pili, na chaki inatulia ubaoni mpaka sala iishe. Oktoba ni rozari. Ijumaa za Kwaresima, Njia ya Msalaba huzunguka uwanja wa mpira wa pete, vituo kumi na vinne, jua likiwa kali. Mabinti zetu hawalazimishwi kushika rozari, lakini utulivu wa saa hiyo wanaushika kama wenzao. Jumapili moja kwa mwezi huruhusiwa kuja usharikani kwa Meza ya Bwana. Jumapili nyingine huketi katika misa, na ikifika komunyo wenzao huinuka, wao hubaki kwenye mabenchi.

Hilo linauma, na hatutampaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki: kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Tunalifundisha tamko hilo chuoni kwa furaha. Lakini binti wa miaka 15 hajalisoma. Anachojua ni kwamba rafiki yake anayelala kitanda cha juu ameinuka, na yeye amebaki.

Kisha inakuja Jumamosi.

Usafi wa mabweni ukiisha, kama saa nne hivi, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha tano hugawanywa vikundi vya watu wanane na kutoka langoni wakiwa na ndoo, fagio, majembe na sabuni za mche. Masista huyaita matendo ya huruma. Kwa hesabu ya Kanisa Katoliki, matendo ya huruma ya kimwili ni saba. Sita yametoka katika Mathayo 25: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kukaribisha wageni, kutazama wagonjwa na kuwaendea wafungwa. La saba, kuzika wafu, limetoka katika kitabu cha Tobiti, ambacho katika Biblia nyingi za nyumba zetu hakimo. Luther alikitafsiri, akakiweka pamoja na vingine katikati ya maagano mawili, kama vitabu vinavyofaa kusomwa ingawa si sawa na Maandiko. La saba hilo tutalirudia.

Katika vikundi hivyo hakuna dini. Waliopangwa pamoja ni wale ambao majina yao yamefuatana kwenye orodha. Njia wanayotumia wameirithi kwa wanafunzi wa TYCS, nao wameirithi kwa padri wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925: kuona, kuamua, kutenda. Papa Yohane wa 23 aliipitisha katika waraka wake wa mwaka 1961. Kwa maneno ni nyepesi. Kwa vitendo, mabinti wa kikundi kimoja waliijifunza jikoni kwa bibi mmoja mjane, Mlutheri wa usharika wetu, ambaye macho yalikuwa yamefifia kiasi cha kuona kivuli tu. Wanawe wako Dar es Salaam na Mwanza, wanapanda mlima Desemba kama wengine wote. Kazi za pale zilikuwa kuchota maji, kufua, kukata majani ya ng'ombe na kumwaga samadi kwenye migomba.

Siku ya kwanza walifanya kazi kama nyuki. Walifagia, wakasugua masufuria yakang'aa, wakapanga jiko lote upya, chumvi juu, viberiti kwenye kopo, mwiko ukutani. Wakaondoka wakiimba. Jumamosi iliyofuata walimkuta bibi amekaa mlangoni na fimbo yake, hataki mtu apite. Wiki nzima alikuwa amekula chakula kisicho na chumvi, kwa sababu chumvi yake ilikuwa siku zote chini, kushoto kwa jiwe la tatu la figa, mahali ambapo mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe. "Mmenipofusha mara ya pili," aliwaambia.

Walitusimulia Jumatano ile wengine wakicheka, na mmoja akilia. Tuliwafungulia Wagalatia 5, pale Paulo anaposema habari za uhuru na kutumikiana, tukawaeleza kijitabu ambacho Luther alikiandika mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo. Hoja yake ni hii: kwa imani Mkristo hana deni la kulipa mbinguni, basi mikono yake imebaki mitupu, na mikono mitupu ina kazi moja tu iliyosalia, kumfaa jirani. Tukawauliza, jiko lile mlilipanga kwa ajili ya nani? Hawakuhitaji msaada wetu kujibu. Kuanzia hapo wakawa wanauliza kwanza: "Bibi, hiki tukiweke wapi?" Naye akawa anawatuma kama wajukuu, bila haya.

Lakini kuna swali lililotupa kazi zaidi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mwinjilisti, alisimama akasema: Sista ana daftari la mahudhurio. Asiyekwenda Jumamosi huandikwa. Sasa, Mchungaji, tendo jema lenye tiki linatoka moyoni?

Swali kama hilo katika mtihani wa chuo lingepata alama nzuri. Mtu angeweza kulijibu haraka, kwamba ile ni sheria na sisi tuko chini ya neema. Hatukulijibu hivyo. Tuliwakumbusha walivyojifunza Katekisimo Ndogo kabla ya kipaimara, wengi wao wakiwa wameshikiwa fimbo na mama, na hakuna aliyewauliza kama Amri ya Nne ilikuwa ikitoka moyoni. Luther mwenyewe aliitoa mwaka 1529 baada ya kuzuru sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui lolote, na ndani yake akaweka ratiba: sala ya asubuhi, sala ya chakula, sala ya jioni. Ratiba haimwokoi mtu. Inamfikisha tu mahali ambapo bibi amekaa bila maji. Moyo, kwa uzoefu wetu, mara nyingi huchelewa njiani na kufika baadaye, kama mtoto aliyetumwa dukani. Na bibi hanywi moyo wa mtu, anakunywa maji. Tulipomdokeza Sista Mkuu juu ya swali lile, alicheka, akasema daftari lake ni la kujua kama wote wamerudi kabla ya chakula cha mchana.

Mzee mmoja wa kanisa hakuridhika. Katika kikao cha baraza alisema wazi kwamba Mlutheri haokolewi kwa kuchota maji. Kweli haokolewi. Tulimsomea Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 20, ambapo baba zetu wanalalamika kuwa wanasingiziwa kukataza matendo mema. Alisikiliza, akakunja mikono, akasema ataendelea kutazama.

Bibi alifariki wiki ya mitihani ya muhula. Wanawe walipanda, kaburi likachimbwa kihambani, na Sista Mkuu akaahirisha mtihani mmoja ili kikundi kile kishuke. Walikuja na sare zao, wakabeba maji ya wapishi tangu asubuhi, wakakaa na kwaya yetu. Mwaka mzima walikuwa wakimsomea bibi namba za nyimbo katika Mwimbieni Bwana, na yeye akiimba beti zote kwa kichwa, kwa hiyo siku hiyo mabinti Wakatoliki waliimba nyimbo zetu bila kitabu, ilhali baadhi ya wana wa marehemu walikuwa wakitafuta ukurasa. Tuliendesha ibada kwa liturjia yetu mpaka mwisho, udongo, baraka, yote.

Hapo kiranja wa kikundi alitusogelea akaomba ruhusa. Walitaka kumwombea bibi.

Sisi Walutheri hatumwombei marehemu. Tunamkabidhi kwa Mungu na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha tunanyamaza, kwa sababu tunaamini kazi ile imeshakamilika msalabani. Kwao, kumwombea marehemu ni sehemu ya upendo uleule uliochota maji. Mzee wetu wa kanisa alikuwa amesimama karibu, na macho yake yalikuwa kwetu. Tulimwambia kiranja kwamba ibada yetu imekwisha, na kaburi ni la familia, amwulize mtoto mkubwa wa marehemu. Akamwuliza. Yule bwana akasema: "Ninyi ndio mliokuwa naye."

Wakasimama upande wa miguu, Wakatoliki watano, wakasali sala yao fupi. Binti wa Kiislamu aliyekuwa kikundini alikunjua viganja vyake, akainamisha kichwa. Wale Walutheri wawili walisimama katikati ya wenzao, midomo imefungwa, mikono wameshikana nao. Sisi tulivua kofia. Hatukuitikia, wala hatukuondoka.

Wiki mbili baadaye Sista Mkuu alituma ujumbe chuoni. Kikundi kile hakikuwa na nyumba ya kwenda, kama tunamjua mtu atamkwe. Tulipeleka habari hiyo barazani bila kuongeza neno. Mzee wa kanisa ndiye aliyeleta karatasi, imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti. Alikuwa amezunguka mtaa mzima kwa miguu. Majina yalikuwa kumi na moja, na manne kati yake ni ya watu wa ng'ambo ya mto.

Sista aliyasoma yote, akauliza upande ule maji hutoka saa ngapi.