Kati ya "Kali Sana" na "Futa"

Ukiweka picha kwenye grupu moja la WhatsApp la wapiga picha wa kujifunza hapa Dar, utajibiwa kwa neno moja kati ya mawili. La kwanza ni "kali". Kali sana, kali mno, kali balaa, na vimoto vitatu chini yake. Hilo linatoka kwa watu 30 na kitu, na linatoka hata kama picha imetikisika mpaka haijulikani kama ni mbuzi au ni bodaboda. Yaani picha haina ukali hata chembe, na bado inaitwa kali.

Neno la pili ni "futa". Hilo linatoka kwa mtu mmoja tu.

Mwenyewe ni mzee wa miaka 60 na ushee, mpima ardhi mstaafu, aliyejifunza kupiga picha enzi za filamu, roli moja picha 36, na kila moja ni hela ya kununua na hela ya kusafisha. Mtu aliyetoka huko huwezi kumtegemea awe na huruma na kijana anayebonyeza mara 300 asubuhi moja halafu anauliza ipi nzuri. Mzee haelezi. Anaandika kama anatuma telegramu, anapotea.

Sasa, kuna dada mmoja wa humo, kazi yake ni maabara kwenye zahanati ya Temeke. Alijichanga karibu mwaka mzima akanunua kamera ya mkononi mwa mtu, na lenzi ya 50 ambayo kila mtu anaambiwa aanze nayo kwa sababu ni rahisi na inakula mwanga vizuri. Jumapili moja akaamka alfajiri, akaenda Feri. Wanaopajua Feri wanajua kupiga picha pale ni shughuli, unaulizwa mara kumi "unatupiga sisi ya nini?" Akamwomba mchukuzi mmoja ruhusa, jamaa akakubali, akampiga akiwa na jodari begani, nyuma yake jua linachomoza na pantoni inarudi kutoka Kigamboni.

Akaiweka kwenye grupu. Mtu wa kwanza akaandika "kali sana". Dakika haijaisha, mzee huyo hapo: "Uso ti. Maji yamelala. Futa."

Kilichofuata ni kimya. Halafu yule wa "kali sana" naye akaufuta ujumbe wake. Hicho ndo kilimuuma dada kuliko maneno ya mzee, ile sifa kurudishwa kama mkopo. Hakuifuta picha, ila kamera aliiweka juu ya kabati ikakaa miezi miwili. Kuna wawili wengine walioambiwa "futa" wakatoka kabisa kwenye grupu, na mpaka leo hawajarudi.

Tuseme ukweli, mzee hakukosea. Maji yalikuwa yamelala kweli, bahari inamwagikia Kigamboni. Na uso wa mchukuzi ulikuwa mweusi ti, pua haionekani. Ndivyo kamera ilivyo. Inapima mwanga wa eneo zima na kutaka kila kitu kiwe cha wastani, kwa hiyo ukiiwekea anga jeupe nyuma, inapunguza mwanga wa picha yote. Mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumia. Na hilo ni jambo la zamani, maana kwa miongo kadhaa maabara za picha zilikuwa zinalinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, akitoka vizuri yule basi kila mtu ahesabike katoka vizuri. Dawa yenyewe ni ndogo: pima mwanga kwenye uso, au pandisha kidogo kabla ya kubonyeza. "Pima uso, siyo anga." Maneno manne. Mzee angeyaandika hayo, dada angerudi Feri Jumapili ileile iliyofuata.

Basi usiku mmoja, saa nane kasoro, mzee akaweka picha. Mzee ambaye kwa miaka miwili hajawahi kuweka picha yake hata moja! Haina maelezo. Mwanamke amekaa kitandani, shuka jeupe, kanga kichwani, dirisha nyuma yake. Uso ti.

Asubuhi grupu likaamka na vimoto. Kali sana mzee. Fundi. Legendi.

Dada aliifungua akaikuza. Akaona kosa lake mwenyewe la Feri, lilelile. Vidole vikaandika "Futa". Neno likakaa pale kwenye sanduku la kuandikia, limebakiza kubonyezwa tu, na nusu ya grupu ingemshangilia kimoyomoyo. Ila macho yakarudi kwenye saa iliyowekwa. Mtu mzima anaweka picha saa nane usiku, bila neno, ya mtu aliye kitandani. Akafuta alichoandika, akamfuata inboksi.

"Shikamoo mzee. Ile picha ulitaka tuangalie nini?"

Jibu lilikuja mchana. "Marahaba binti. Ni mama watoto. Anaumwa mwezi wa tatu huu. Mtoto mmoja yupo Mwanza, mwingine Muscat, wanataka kumwona. Video hataki, anasema anaonekana jini. Nimempiga mara nne, uso hautoki. Siwezi kumchosha tena."

"Ulipiga RAW?"

"Nadhani. Kijana wa dukani ndo aliniwekea. Mimi kusafisha sijui, zamani nilikuwa napeleka studio."

Hapo ndipo mambo yakaeleweka. Kwenye filamu, uso usioshika mwanga umepotea, hata fundi wa chumba cha giza hana cha kuokota. Kwa mzee, picha ya uso ti ni picha iliyokufa, na ya kufa huzikwa. Hakuwa anajua kwamba faili la RAW linaficha mengi kwenye giza, na kwamba kilichoungua kwa mwanga ndicho kigumu kurudi.

Jumamosi dada akapanda daladala mpaka Tabata na kompyuta mpakato mgongoni. Wakachomeka kadi. Akashika kile kipimo cha vivuli, akakisukuma polepole, na uso wa mama ukaanza kutoka: kwanza shavu, halafu jicho, halafu mdomo uliokuwa unazuia kicheko. Chengachenga zilikuwepo, hakuna cha bure. Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mama akaomba aletewe aone. Akaitazama sana.

"Mbona nimezeeka hivi?" Halafu, "Na hiki kitanda mbona kimelala upande?"

Mpima ardhi mzima! Dada alijikaza asicheke, mama hakujikaza. Kitanda kikanyooshwa, picha ikatumwa kwa watoto kama dokyumenti ili WhatsApp isiibane ikaharibika. Wa Muscat alipiga simu kabla chai haijaisha, akaongea na mama yake muda mrefu, na mzee akatoka nje kukagua geti ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Aliporudi akauliza, "Ile ya Feri unayo, au ulifuta?"

Alikuwa nayo. Wakaifungua, wakasukuma kipimo kilekile. Kumbe mchukuzi alikuwa anamtazama dada moja kwa moja, jicho moja limefumba kwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye samaki, na anatabasamu. Miezi yote ile alikuwa anatabasamu humo gizani. Mzee alikaa nayo kimya.

"Maji bado yamelala," akasema mwishowe. "Yanyooshe."

Wiki iliyofuata kijana mmoja akaweka picha ya macheo ya Coco Beach, mbovu kwelikweli. Mzee akamwandikia mistari sita: anga lipi limeungua, asimame wapi kesho, aje saa ngapi. Kijana akaogopa, akamfuata dada inboksi kuuliza kama simu ya mzee imeibiwa.