Upepo, Misumari na Minong'ono



Mawingu yameanza kujikusanya nyakati za jioni, na wakulima wetu wamekwisha kutayarisha mashamba. Huku kwetu Usukumani mvua za kwanza mara nyingi hutanguliwa na upepo wa vumbi, na miaka mingine huja na mawe ya barafu. Ndiyo maana juma hili tumeona vema tutafakari juu ya paa, kitu ambacho wengi wetu hukikumbuka siku kinapovuja.

Hatujausahau usiku wa tarehe 3 Machi 2015 pale Mwakata, wilayani Kahama. Mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliua watu zaidi ya 40, na wengi wao waliangukiwa na nyumba zao. Ukuta wa tofali mbichi hulitegemea paa kwa namna mbili: paa huukinga usilowe, na mbao zake hushikilia vichwa vya kuta visiyumbe. Paa likiondoka, ukuta hubaki peke yake mbele ya maji na upepo.

Wapo wanaosema kwamba upepo wa namna ile ni adhabu. Tungependa wakumbuke Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni yao pale mwaka 1868. Aprili 1872 kimbunga kile kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kikabomoa sehemu kubwa ya majengo yao. Walikuwa watu wa sala, waliowatunza watoto waliokombolewa utumwani. Upepo haukuuliza. Walijenga upya.

Lakini kuna neno jingine, baya kuliko hilo la adhabu. Msimu uliopita, katika kigango kimojawapo cha parokia yetu, upepo uliezua nyumba mpya ya bati ya kijana mmoja aliyekuwa ameihamia kwa miezi miwili tu. Hatua thelathini kutoka hapo umesimama msonge wa nyasi wa bibi mjane, na hakuna unyasi uliosogea. Kabla jua halijachwa, minong'ono ilikuwa imeanza. Nanyi mnajua, ndugu zetu, minong'ono ya namna hiyo juu ya bibi mwenye macho mekundu huishia wapi katika mkoa huu. Wako akina mama waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni.

Kesho yake tulikwenda pale pamoja na fundi mmoja mwanajumuiya, tukaomba kuyaona mabati yaliyotupwa shambani. Bati lilikuwa bado limeshikana na papi. Kilichoachia ni papi kutoka kwenye kenchi. Kila papi ilikuwa imepigiliwa msumari mmoja laini wa inchi tatu, na misumari yote ilichomoka ikiwa imenyooka kama ilivyotoka dukani. Fundi akatuonyesha hesabu yenyewe: msumari wa inchi tatu ukipita katika papi ya inchi mbili, hubakiza inchi moja tu ya kuishika kenchi. Nazo kenchi zilikuwa zimelazwa juu ya ukuta bila kufungwa popote.

Watu hudhani kwamba upepo huliangusha paa kwa kulisukuma ubavuni. Kwa kweli upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia kwa mlango au dirisha lililo wazi hulisukuma kutoka ndani. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kona, kwenye kingo na karibu na kofia ya paa. Nyasi, kinyume chake, hupitisha hewa, hata ile ya ndani na ile ya nje hukaribia kulingana. Na msonge, kwa mviringo wake na mteremko wake mkali, hauna kona ambayo upepo utaishika. Bibi yule alilindwa na ufundi wa wazee wetu.

Tuliwaeleza hayo wote waliokuwapo, papi ikiwa mkononi. Mzee mmoja akatuuliza, kwa heshima kabisa, kama misumari nayo haiwezi kurogwa. Tulimjibu kwamba ya inchi tano ni migumu zaidi kuroga. Watu walicheka, na tuliona nyuso zikilegea.

Basi anayejenga amwambie fundi wake afunge kila kenchi kwa waya mzito uliofukiwa kozi kadhaa chini ndani ya ukuta, au katika lenta ikiwapo. Papi zishikwe kwa misumari ya inchi nne au tano. Misumari ya bati iwe ile yenye kofia pana na shina lililosokotwa, ipigwe kwenye mgongo wa bati, na pale kingoni isirukwe zaidi ya mgongo mmoja. Upenu usiwe mrefu kupita kiasi. Baraza ni heri iwe na paa lake yenyewe, ili likichukuliwa lisiondoke na nyumba. Tena kumbukeni kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 28 ni nzito kuliko zote hizo. Bati jembamba huchanika penye msumari, na likishika kutu mawe ya barafu hulitoboa. Bei tunaijua, ndugu. Lakini waya na misumari ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba.

Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, papi zichunguzwe sasa, kabla mbao hazijalowa. Na yale mawe tunayoyapanga juu ya mabati tuyashushe, kwani upepo mkali huyaangusha juu ya vichwa vya watu.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, kinamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije akaileta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Kwetu damu inaweza kumwagika hata nyumba ya jirani.

Halmashauri ya walei imekubali kwamba Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tuanze na nyumba ya kijana yule, ambaye tangu Machi amelala chini ya turubai. Misumari imekwisha kununuliwa, kilo kumi za inchi tano. Ameiweka kwa bibi jirani yake, kwa kuwa kwake hakuna mlango wa kufunga. Mwenye ngazi aje nayo.