Gari la Mirathi Lilipokataa Kuwaka

Gari lisilowaka hukusanya watu. Likiwa zima na kwenda zake hakuna anayelitazama. Likinyamaza, kila mpita njia hugeuka fundi. Mmoja atasema betri, wa pili atasema starta, wa tatu atashauri lisukumwe, hata kama ni gari la otomatiki ambalo haliwashwi kwa kusukumwa. Na kila neno katika hayo lina bei yake dukani.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuwa la shemeji yangu, Allah amrehemu. Ni Toyota ndogo ya petroli, aliyoitumia kuwapeleka watoto shuleni na kumpeleka mama yake mzazi kliniki ya kisukari. Alipofariki lilibaki chini ya mwembe, nyumbani kwao Tanga. Dada yangu alikaa eda miezi 4 na siku 10, na kwa muda wote huo hakuna aliyeligusa. Eda ilipokwisha akageuza ufunguo. Likalia tak-tak-tak-tak mfululizo, kisha kimya.

Fundi wa jirani aliitwa. Alisikiliza mara moja tu, akasema starta imekufa, zitolewe shilingi 180,000. Siku mbili baadaye akaja mnunuzi. Akalizunguka, akagonga bodi kwa vidole, akatamka kwamba injini ikikaa namna ile huganda, na kwamba yeye atajitolea kulichukua kwa shilingi 1,500,000. Baba mdogo wa watoto alielekea kukubali. Mirathi ilikuwa bado haijagawanywa: dada ana thumuni yake, mama wa marehemu ana sudusi yake, na kinachobaki ni cha watoto watatu, wote wangali shuleni.

Dada akanipigia simu. “Mdogo wangu, hili si gari langu peke yangu. Nikilinunulia kisichohitajika nimekula mali ya watoto. Nikiliuza kwa bei ya mkweche nimeitupa. Njoo tujue lina nini.”

Mimi si fundi wa kusomea. Nimeendesha malori kwa miaka mingi, na mtu akikwama usiku porini hujifunza kusikiliza.

Kusikiliza ndiko kunakotenganisha maradhi. Ukigeuza ufunguo pasisikike chochote, wala taa za dashibodi zisiwake, umeme haufiki kabisa: betri imekwisha au kibano cha waya kimelegea. Taa zikiwa kali na ukasikika mlio mmoja tu, “tak”, hapo starta inastahili kutuhumiwa. Mlio wa mfululizo, huku taa zikififia kila unapogeuza ufunguo, aghalabu ni betri yenye nguvu ya kuita lakini isiyo na nguvu ya kuzungusha. Gari la otomatiki lina lake la ziada: gia isipokuwa kwenye P au N, starta haitashtuka hata betri iwe mpya.

Nilianza na maneno ya mnunuzi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na hasara kubwa zaidi. Nikapima oili, ilikuwepo. Nikaweka spana kwenye nati ya puli ya chini ya injini, nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka bila kinyongo. Injini iliyoganda haifanyi hivyo. Baba mdogo alikuwa amesimama karibu, nikamwachia spana naye aizungushe mwenyewe.

Kisha nikampa binti mkubwa, mwenye miaka 13, mita ya umeme: ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Akasoma volti 11.2. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, ikifika 12 imekaribia kuwa tupu. Saa na king’ora hunyonya kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa, na miezi minne si michache. Juu ya vibano palikuwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani. Tukafungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya, ili spana isiguse bodi ikatoa cheche. Tukavisugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, tukavikausha.

Jirani akaleta gari lake. Waya mwekundu ukaenda chanya kwa chanya. Mweusi ukatoka hasi ya gari zima hadi kwenye chuma kitupu cha injini yetu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Dada akageuza ufunguo, na injini ikazunguka kwa kasi. Starta iliyotangazwa kufa ilikuwa hai.

Lakini gari halikuwaka. Hapa ndipo wengi huendelea kuzungusha mpaka betri ya pili nayo ichoke. Nikamwomba dada ageuze ufunguo hadi kabla ya starta, tukanyamaza sote, hata watoto. Katika magari mengi ya namna hii, pampu ya mafuta huvuma nyuma kwa sekunde mbili hivi. Yetu haikuvuma. Fundi mwenye haraka angeuza pampu. Fyuzi yake ilikuwa nzima. Tukafuata nyaya, na nyuma ya kisanduku cha fyuzi tukakuta kiota cha panya, majani makavu ya mwembe na sponji, na nyaya mbili zimetafunwa. Mzee mmoja fundi umeme wa magari akaziunganisha na kuzifunika vizuri kwa shilingi 15,000. Pampu ikavuma. Gari likawaka.

Betri haikuokoka. Tuliichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma 11.9, betri ikikaa tupu muda mrefu, salfeti ya risasi huganda kwenye bamba zake. Hiyo tuliinunua mpya, na risiti ikaingia kwenye daftari la mirathi.

Sisemi yule fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Huenda alitaja tu maradhi anayoyajua zaidi. Ila aliyetaja bila kupima angemgharimu yatima sawasawa na mwizi.

Gari likathaminiwa kama gari linalotembea, zaidi ya mara tatu ya bei ya mnunuzi, na kwa thamani hiyo mafungu yakapigiwa hesabu. Bibi akapewa haki yake kwa fedha taslimu. Gari likabaki kwa dada na wanawe.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu akiwa nje ya kliniki, bibi yuko kiti cha nyuma. “Mdogo wangu, taa zote zinawaka, lakini haliitiki hata kidogo.” Nilikuwa nafungua mdomo, akanitangulia: “Subiri. Gia ipo kwenye D.” Nikasikia injini ikinguruma, na bibi akiuliza kama sasa wanaweza kwenda.