Mwaka Waliposhuka Daraja



Leo naomba uweke jembe chini kidogo tusafiri pamoja mpaka Uingereza, katika mji wa Manchester, tukaangalie habari ya mpira. Nawajua akina mama watakaosema, "Mzee huyu naye, na uzee wote ule, mpira!" Nivumilieni. Ninayo sababu ya kuileta habari hii juma hili, nami nitaieleza kabla sijamaliza.

Hakuna kijiji chetu kisicho na kijana mwenye fulana nyekundu ya Manchester United. Jumamosi jioni vijana hao hujazana kwenye banda la video, na mara nyingine hata sauti ya kengele ya kanisa hawaisikii. Lakini ukiwauliza kama wajua kwamba klabu hiyo kubwa iliwahi kushuka daraja la pili, watakucheka. Watasema, "Babu, umechanganya." Mimi sikuchanganya. Ilikuwa mwaka 1974, na habari hiyo nilipewa na padre mmoja mzee, Mwingereza, mzaliwa wa Salford, mji ulio ubavuni kabisa mwa Manchester. Marehemu huyo alinisimulia siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshushwa.

Ngoja nianze na yangu kwa ufupi. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na mmoja. Matokeo ya darasa la saba yakawa mabaya mwaka mmoja, yakawa mabaya na wa pili. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa nikabidhi funguo, nami nibaki shuleni palepale kama mwalimu wa kawaida, nifundishe hesabu darasa la tatu. Palepale, msomaji! Kama wangenihamisha mbali ningeshukuru. Asubuhi ya Jumatatu nikapita mbele ya ile ofisi niliyokuwa nikikaa, nikaenda kusimama mbele ya watoto wa miaka tisa. Barazani kwangu, ambako kila jioni hapakukosa watu watano au sita wenye kuomba barua au ushauri, hakuja mtu. Wala sisemi walinichukia. Waliona haya tu. Hawakujua waniambie nini, basi wakapita njia ya chini, ile ya mtoni.

Juma la tatu padre akanituma mtu. Eti redio yake imeharibika, nikamsaidie. Nikaenda. Redio ilikuwa nzima kabisa. Akanikaribisha chai, akaanza kunisimulia mpira.

Ligi ya Uingereza, msomaji, ina madaraja kama shule yalivyo madarasa. Wakati ule daraja la kwanza lilikuwa na vilabu 22. Wa mwisho hushuka, na walio wa kwanza katika daraja la pili hupanda kuchukua nafasi zao. Zamani walishuka wawili, lakini kuanzia msimu ule wa 1973 hadi 1974 wakawa watatu. Ushindi ulileta pointi mbili, na sare pointi moja. (Hizi pointi tatu za siku hizi zilianza kule mwaka 1981.)

Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli, watu wenye mikono ya makaa na grisi. Ikawa klabu kubwa sana chini ya mwalimu wa timu aliyeitwa Matt Busby. Huyu alikuwa Mkatoliki wa Skoti, mtoto wa wachimba makaa ya mawe. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1917, na Matt mwenyewe aliwahi kushuka shimoni kuchimba kabla mpira haujamtoa. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowachukua yeye na wachezaji wake ilianguka katika theluji huko Munich, Ujerumani, ilipokuwa ikijaribu kuruka mara ya tatu. Watu 23 walikufa, na wanane kati yao walikuwa wachezaji. Busby alilazwa hospitali mahututi, akapewa Mpako Mtakatifu mara mbili. Akapona. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Mei 1968, timu aliyoijenga upya iliifunga Benfica ya Ureno mabao 4 kwa 1, ikawa bingwa wa vilabu vya Ulaya. Padre aliposimulia hayo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Lakini kupanda mlima hakukuzuii kuteremka upande wa pili. Busby aliacha kazi ya ualimu wa timu. Wale wachezaji hodari wakazeeka, wengine wakaondoka. Bobby Charlton alistaafu mwaka 1973. George Best, aliyekuwa na kipaji kuliko wote, alishindwa na ulevi. Mchezo wake wa mwisho katika timu ile ulikuwa siku ya Mwaka Mpya wa 1974, nao wakafungwa 3 kwa 0. Wakati huo mwalimu wa timu alikuwa Tommy Docherty, Mskoti mwenye maneno mengi, mzaliwa wa mitaa ya maskini ya Glasgow. Mambo yalikuwa mabaya hivi: ilipofika Krismasi ya 1973, hakuna mchezaji wa timu hiyo aliyekuwa na mabao katika ligi kuliko golikipa wao, Alex Stepney. Golikipa! Alikuwa amefunga mawili ya penalti. Mimi, niliyekuwa nimetoka kuambiwa kwamba shule yangu imeanguka, nilipofika hapo nilicheka kwa mara ya kwanza katika majuma matatu.

Sasa sikiliza siku ya tarehe 27 Aprili 1974. United walicheza nyumbani kwao, uwanja wa Old Trafford, na jirani zao Manchester City. Kati ya wachezaji wa City alikuwamo Denis Law. Huyu Law alikuwa amechezea United miaka kumi na mmoja, na watu walimwita Mfalme. Docherty alikuwa amemwacha aende bure mwaka uliotangulia, akaenda kwa jirani. Mchezo ukakaribia kwisha bila bao. Mpira ukamfikia Law akiwa amelipa goli mgongo, akaupiga kwa kisigino. Ukaingia.

Hakuruka, hakuinua mkono. Wenzake walimkimbilia kumpongeza, yeye akainamisha kichwa, kisha akatolewa uwanjani. Watu wakamiminika ndani ya kiwanja, refa akaumaliza mchezo kabla ya dakika zake. Baadaye ilijulikana kwamba kwa jinsi timu nyingine zilivyocheza siku hiyo, United wangeshuka hata kama Law asingefunga. Lakini hesabu hiyo haikumpunguzia mtu uchungu. Klabu iliyokuwa daraja la kwanza tangu mwaka 1938, na bingwa wa Ulaya miaka sita tu iliyopita, imeshuka. Katika michezo 42 walishinda 10 tu.

Nikamwuliza padre, "Na yule mwalimu wao, walimfukuza?" Nilikuwa na sababu ya kuuliza, kama unavyoelewa. Akasema hapana, walimwacha. Nami nikanyamaza, kwa maana sikujua kama jambo hilo linanifariji au linaniumiza.

Mwezi wa Agosti msimu mpya ukaanza. Timu kama Orient, Millwall, Portsmouth na Cardiff ndizo zikawa wenzao sasa. Je, watu walikwenda kuwatazama? Hapa ndipo padre alipogonga meza mpaka vikombe vikacheza. Msimu ule uwanja wa Old Trafford ulipokea kwa wastani watu zaidi ya 48,000 kila mchezo, na hapakuwa na klabu Uingereza nzima, hata ya daraja la kwanza, iliyopata watu wengi hivyo. Walipocheza na Sunderland tarehe 30 Novemba 1974, waliingia zaidi ya 60,000. Daraja la pili! Dada yake padre alikuwa akimpelekea magazeti kutoka kwao, yakafika yamechelewa wiki nyingi, naye alikuwa akiyasoma hapa kwetu kwa taa ya mafuta, akihesabu watu.

Nisikufiche upande mwingine, kwa kuwa padre mwenyewe hakunificha. Miongoni mwa vijana waliofuatana na timu hiyo walikuwamo wakorofi wengi. Walipokwenda Cardiff tarehe 31 Agosti palitokea mapigano makali, na katika miji mingine walivunja vitu na kutisha watu. Hata pale nyumbani ikabidi kuwekwa uzio nyuma ya goli kuwazuia. Padre alisema mapenzi yao yalikuwa kama pombe iliyochacha. Mimi naona aibu ya kushuka ina njia mbili za kumtoka mtu, na vijana wale walichagua ngumi.

Mchezo wenyewe ulikwenda vizuri. Walishinda michezo minne ya kwanza mfululizo. Kijana mpya, Stuart Pearson, aliyenunuliwa kutoka Hull, alifunga mabao 17 ya ligi. Lakini usidhani ilikuwa barabara ya lami. Tarehe 7 Desemba walikwenda Sheffield kucheza na Wednesday, timu iliyokuja kuwa ya mwisho kabisa mwaka ule, wakatoka sare ya mabao 4 kwa 4. Siku hiyo beki wao, Jim Holton, pande la mtu aliyependwa sana, alivunjika mguu. Hakucheza tena katika timu ya kwanza ya United. Nimelifikiria sana jambo hilo. Timu ilipanda; yeye hakupanda nayo. Januari wakatolewa katika kombe na Walsall, timu ya daraja la tatu, watu ambao hata padre ilimbidi anieleze walipo.

Tarehe 5 Aprili 1975 wakasafiri hadi Southampton, waliokuwa wameshuka pamoja nao mwaka uliopita. Lou Macari akafunga bao moja, nalo likatosha. Wamepanda. Kabla ya mwezi kwisha wakawa na ubingwa wa daraja la pili: ushindi 26, sare 9, kushindwa 7, pointi 61, mbele ya Aston Villa na Norwich waliopanda pamoja nao. Mchezo wa mwisho waliifunga Blackpool 4 kwa 0, nyumbani, mbele ya umati uliojaa furaha. Mwaka mmoja tu walikaa chini. (Mjukuu wangu amenisomea hesabu hizi zote katika simu yake nilipokuwa nikiandika, naye sasa ananiheshimu zaidi.)

Pengine unangoja niseme kwamba na mimi nilirudishiwa funguo mwaka uliofuata. Sikurudishiwa. Nilifundisha hesabu darasa la tatu na la nne mpaka nikastaafu. Kuna jioni niliona uchungu, nami niliungama kwa padre yuleyule zaidi ya mara moja. Lakini alinipa kitu kimoja. Alikuja kila Alhamisi. Alikaa barazani kwangu, mbele ya njia, mahali ambapo kila mpitaji angemwona, akanywa chai yangu na kubishana nami juu ya mpira nisioujua. Juma la nne au la tano akaja jirani mmoja kusikiliza. Kisha wawili. Kabla ya mavuno njia ya mtoni ilikuwa imeota majani. Siku ya kumzika padre niliwahesabu watu, kwa kuwa yeye alipenda kuhesabu watu. Nikafika mia nne, kisha machozi yakaniharibia hesabu.

Sasa sababu ya kuandika. Mwezi uliopita, katika kigango chetu, kijana mmoja aliyekuwa na cheo ameondolewa. Sitataja cheo wala jina. Ana watoto wadogo, na karatasi hii husomwa pia nyumbani kwake. Sijui kosa ni lake au si lake. Najua kwamba Jumapili, baada ya Misa, alisimama peke yake chini ya mwembe akijifanya anarekebisha baiskeli. Mimi nilimwona. Nikajiambia nitamsalimu Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata nikapitia mlango wa pembeni. Mimi, msomaji! Mzee niliyekunywa chai ya Alhamisi miaka yote ile.

Nilifika nyumbani sikuweza kula. Mke wangu akaniuliza, nikamweleza. Hakunihubiri. Akasema tu, "Baiskeli ile mbona haijapona wiki mbili?"

Leo ni Alhamisi. Barua hii nitampa mwalimu anayekwenda mjini kesho. Mke wangu amekwisha funga jogoo mmoja kwenye kikapu, nami nimekwisha mwomba mjukuu anieleze Manchester United walicheza na nani Jumamosi na walifungana ngapi, nipate pa kuanzia. Kwa yule kijana ni mwendo wa nusu saa, nikipita njia ya juu.