Dhahabu ya Pichani

Wahenga walilonga kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Sisi wa Kakamega, ambao babu zetu walishuhudia mbio za dhahabu katika miaka ya 1930, tunayaelewa maneno hayo vizuri. Lakini hebu, ndugu msomaji, nikusimulie yaliyotupata pwani.

Baba alipostaafu ualimu, alitaka Mama aione bahari. Alilipa shilingi 48,000 ili sisi watatu tulale siku 2 katika hoteli moja ya kifahari. Pesa hizo si mchezo! Mwaka wa 2023, karo ya shule za kitaifa za bweni ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka mzima.

Matangazo yao yalionyesha vyumba vinavyotazama bahari. Vyetu vilitazama jenereta, nayo ilinguruma usiku kucha kama lori likipanda mlima. Maji ya moto hayakuwapo. Bwawa la kuogelea lilikuwa kavu. Mama alipoomba ugali, aliambiwa huo hulipiwa kando. Baba akaenda kuuliza. Kijana wa mapokezi akamjibu, "Mzee, hiyo picha ilipigwa zamani." Lo!

Baba, ambaye sauti yake ilinyamazisha darasa zima, hakusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko pesa. Mama akamshika mkono: "Mwalimu, bahari si yao. Twende." Ufuoni akakunja leso yake, akaingia majini hadi magotini, akacheka kama msichana. Bahari haikututoza hata senti.

Huku kwetu Isecheno pia tunapokea wageni. Wanakuja kuuona msitu wetu, sazo la misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Kongo. Waelekezi huamka gizani wakawapeleka kilimani Lirhanda kutazama jua likichomoza. Mgeni akiuliza kama atamwona mbega, huambiwa peupe: "Tutamtafuta, lakini msitu si kizimba." Kitanda chetu huenda kisiwe cha kifalme, ila mgeni anajua analolipia.

Baadhi yetu wanachama tutakuwa waelekezi, wapishi, hata wenye hoteli. Nawasihi, wenzangu, tusimuuzie mgeni picha. Mgeni aliyedanganywa hulipa mara moja tu, naye akifika kwao huwaonya jirani zake. Mama hadi leo husifu bahari. Hoteli ile haitaji kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.