Usiku ambao mama wa Endulen hakuweza kufika Karatu

Simu iliita saa 1 usiku. Matroni wa bweni la sekondari moja ya Karatu alikuwa anampigia mama aliyeko Endulen: rafiki wa binti yake wa Kidato cha Pili ameleta daftari, na ndani yake kuna barua ya kuaga. Binti ana miaka 15. Hajajidhuru. Amekaa ofisini, halii wala hasemi.

Lango la Lodoare hufungwa saa 12 jioni. Hata angepata gari la kumpitisha kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, asingefika. Alibaki na simu, na wifi yake anayelima vitunguu na kuviuza sokoni Karatu.

"Wifi, mpeleke mwanao hospitali sasa hivi. Usimwache peke yake hata chooni."

Baba mdogo alishauri wangoje asubuhi, aombewe kwanza. Waliomba, usiku huo huo, kule Endulen. Lakini anayeandika kwamba anataka kufa hangojeshwi hadi kesho, kama aliyeumwa na nyoka asivyongojeshwa.

Hospitalini shangazi alishangaa kuona wanaanza na kipimajoto, kipimo cha malaria na sukari, wanauliza kama ana kifafa, kama ameanguka na kuumia kichwa, kama amemeza kitu. Alidhani hawajamwelewa. Kumbe malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka huweza kumbadilisha mtoto kwa saa chache tu. (Mtoto mwenye homa anayeanza kuweweseka ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kupungwa pepo.)

Kisha daktari akamwomba atoke nje. Shangazi akakataa: "Mimi ndiye mama yake hapa." Daktari hakugomba. Alimweleza kwamba watoto wengi hawafunguki mbele ya mtu wanayeogopa kumuumiza, na kwamba likijitokeza jambo la hatari ataambiwa. Akatoka, akakaa kwenye benchi.

Maswali yenyewe hayazunguki. Unatamani kufa? Tangu lini? Umefikiria utafanyaje? Kuna mtu anakuumiza? Wazazi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumfundisha mtoto. Sivyo, akiulizwa kwa upole, mara nyingi hupata pa kuutua mzigo. Wengine huogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo imewafanya wengi wafiche watoto waliohitaji daktari, na ni hasara kubwa.

Mama naye aliulizwa kwa simu. Analalaje? Amebadilika lini? Nani katika ukoo amewahi kuugua akili? Aliweza kujibu hilo la mwisho tu. Binti anakaa bweni tangu darasa la nne. Majibu mengine alikuwa nayo rafiki wa kitanda cha juu: mwenzake halali tangu likizo, aliposikia wazee wakizungumzia kuhamia Msomera, kule Handeni, na hakuna aliyemwambia kama atahamishwa shule au ataachwa. Daktari alisema hilo peke yake si sababu yote.

Si kila uchunguzi huishia kwenye kulazwa. Wapo wanaopelekwa Arusha, hata Mirembe, Dodoma. Huyu aliruhusiwa kulala kwa shangazi kwa masharti: asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, arudi baada ya siku mbili, na hali ikibadilika arudishwe saa hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto, isiyotozwa, iliandikwa kwenye karatasi. Shangazi alipofika nyumbani alitoa dawa ya kupulizia vitunguu chini ya kitanda, akaipeleka kwa jirani. Akalala na binti kitanda kimoja.

Mama alifika na gari la kwanza. Binti alimtazama kwa muda.

"Yeyo, tunahama?"

"Sijui, mwanangu. Baba yako bado hajaamua. Akiamua, utaambiwa siku hiyo hiyo."

Binti akasogea, akampa nafasi ya kukaa.